Kartoni ya Trente Juin

Mwalimu Jamila alikuwa amewapa watoto mgongo, akiandika ubaoni tarehe ya sikukuu inayokuja, thelathini Juni, ndipo Nasiba alipouliza swali lake.

"Madame, trente juin, tulikimbiaka nani?"

Chaki ilisimama. Jamila aligeuka akidhani ni utani, maana Nasiba alikuwa mtoto wa maneno mengi. Lakini uso wa mtoto ulikuwa mkavu kabisa, na nyuma yake darasa zima la mwaka wa nne lilikuwa likingoja jibu. Shukuru, ambaye kazi yake ilikuwa kujibu kabla ya kuulizwa, alikuwa amekwisha kuinua mkono.

"Mie najua, Madame! Tulikimbiaka volcano."

"Volcano ni janvier," Nasiba akamkata. "Mie niko nauliza ya juin."

Jamila alitaka kucheka, badala yake akaweka chaki chini. Watoto hawa walikuwa na miaka tisa, kumi. Kila tarehe waliyoijua ilikuwa ya kukimbia. Vita ya kwanza walibebwa mgongoni. Vita ya pili, ile iliyowaleta waasi ambao mpaka siku hiyo ndio waliokuwa wakubwa wa mji, walishikwa mkono. Na Januari ya mwaka huohuo, elfu mbili na mbili, mlima ulipopasuka na moto ukateremka katikati ya Goma mpaka ziwani, walikimbia kwa miguu yao wenyewe. Waliporudi, shule yao ya Mapendo ilikuwa chini ya mwamba mweusi. Sasa walisoma juu ya mwamba huohuo, katika vibanda vya mbao vilivyoezekwa kwa shitingi, maturubai meupe ya msaada, na mvua ikinyesha mwamba ulitoa moshi hadi ndani ya darasa. Kwa hesabu za Nasiba, kama kuna siku imewekwa kwenye kalenda, lazima siku hiyo kuna mtu alikimbiwa.

"Trente juin hatukukimbia mutu," Jamila alisema. "Ni siku ya Indépendance."

"Indépendance njo nani?"

Kengele ya kwenda nyumbani ikamwokoa kabla hajaanza kueleza uhuru. Alitoka moja kwa moja hadi kwa mkuu wa shule, Mama Léocadie, ambaye ofisi yake ilikuwa pembe moja ya kibanda iliyozibwa kwa pazia.

"Mama Directrice, batoto habajue trente juin ni nini."

Mama Léocadie, mwanamke wa milima ya Masisi mwenye sauti ya kuita ng'ombe bonde la pili, aliinua miwani. "Na weye unajua?"

"Najua tarehe, najua na majina. Lakini hadithi ya kusimulia mutoto akaishika, sina. Buku zote ziliungua."

Hilo Mama Léocadie alilijua vizuri. Kabati la vitabu la shule lilikwenda na moto, na nyumbani kwa Jamila lilikwenda la baba yake, mfanyabiashara wa vitenge ambaye wazee wake walitoka Maniema na sanduku moja la nguo na moja la vitabu. Siku ile ya kukimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, Jamila katika kuchanganyikiwa alinyakua ukutani saa iliyokuwa imekufa tangu zamani, akaikumbatia mpaka ng'ambo ya mpaka kama mtoto mchanga.

"Basi sikiliza," alisema Mama Léocadie. "Kule Himbi kuna shirika limefungua masanduku ya buku za batoto kutoka Bulaya. Jumamosi kila shule inatuma walimu wawili, inachagua kartoni moja. Enda. Uchukue na Maître Bienvenu, yeye ana mikono ya kubeba. Muniletee buku za sikukuu yetu, batoto bajue juu ya nini bananunuliwa viatu."

Jamila alitoka nje ya pazia akiwa hajihisi miguu. Kuchagua vitabu! Alikuwa hajashika kitabu kipya tangu Januari. Usiku ule alilala akiwaza makaratasi.

*

Jumamosi alivaa gauni lake la Idi. Bienvenu, mwalimu wa mwaka wa sita, alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, miguu ambayo ilikuwa imekwisha kupata vumbi la mwamba.

"Tunaenda ku arusi?"

"Tunaenda ku buku, Maître. Tembea."

Bienvenu alikuwa kijana mrefu aliyeona kasoro katika kila kitu. Hata jua likichomoza vizuri angesema limechelewa. Njiani aliona kasoro katika barabara, katika mawe, katika maandazi aliyokuwa akiyala. Jamila hakumsikia. Alikuwa anaruka kutoka jabali hadi jabali kama aliyerudi utotoni, na walipofika Himbi, ambako moto haukufika na maua yalikuwa bado yamening'inia juu ya kuta za wenye nacho, alishika tumbo akasema, "Maître, moyo unanipiga."

"Ni maandazi."

Vitabu vilikuwa katika gereji kubwa ya shirika, vimerundikwa juu ya meza, chini ya meza, juu ya matairi. Walimu wa shule nyingi walikuwa wamejaa mlangoni. Msichana mmoja aliyeitwa Sidonie, mwenye firimbi shingoni, alipanda juu ya ngazi akatangaza sheria, nayo ilikuwa moja tu.

"Shule moja, kartoni moja! Ikifunga, ni yenu. Kama haifungi, mupunguze. Midi juste, saa sita kamili, nafunga mlango!"

Akapuliza firimbi.

Lo! Watu wazima wenye diploma zao waliingia kama mbuzi kwenye shamba la maharagwe. Mwalimu mmoja wa hesabu alipoteza kiatu na hakurudi kukitafuta. Jamila alijikuta mbele ya meza ya katikati, akafungua kitabu cha kwanza kilichomjia mkononi, akaingiza pua ndani na kuvuta harufu mpaka macho yakamlengalenga.

"Kinasema nini?" Bienvenu aliuliza.

"Sijasoma. Nanusa."

Alichukua hicho, akachukua na cha pembeni yake, na cha pembeni ya hicho. Dubu aliyeogopa giza, ndiyo. Nyota na sayari, ndiyo. Kitabu cha kushona soksi za sufu, ndiyo pia, kilikuwa na picha nzuri. Bienvenu alimfuata nyuma akivitoa kartonini kimoja kimoja na kuvirudisha mezani.

"Dada Jamila! Tulitumwa sikukuu. Soksi haina sikukuu."

Walitafuta sikukuu. Walipata rundo zima, na hapo mambo yakaharibika. Kitabu cha kwanza kilikuwa cha Pasaka ya huko Ulaya, na jalada lilionyesha sungura mnene amebeba kapu la mayai ya rangi. Jamila alilitazama kwa makini, kisha akamgeukia mwenzake kwa adabu zote za Mwislamu anayeuliza mambo ya dini ya jirani.

"Maître, samahani. Kwenu, sungura anatagaka?"

Bienvenu alikichukua kitabu, akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili. Alikuwa mwana wa katekista. Alijua Pasaka tangu tumboni mwa mama yake.

"Kwetu Masisi, hapana," alisema hatimaye. "Labda sungura ya Bulaya."

Jamila alijaribu kujizuia. Alijiziba mdomo kwa ncha ya kitambaa, lakini kicheko kilitoka puani, na Bienvenu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka ndani ya shule, alianza kutetemeka mabega. Kuanzia hapo hawakuwa wazima tena. Kila kitabu walichokigusa kiliwamaliza. Walipata sikukuu ya maboga, maboga yamechongwa meno. "Haya maboga yanacheka nani?" aliuliza Bienvenu, na Jamila akalazimika kukaa chini sakafuni na gauni lake la Idi.

Akiwa hapo chini, ndipo alipokiona chini ya meza kitabu kipana chenye bendera ya rangi tatu, nyeusi, manjano na nyekundu, na maneno makubwa: *fête nationale*, sikukuu ya taifa. Moyo ukamruka. Alikivuta. Haikuwa bendera ya Kongo. Ilikuwa ya Ubelgiji.

"Haya, basi," Bienvenu alisema. "Bakoloni banatufundisha sikukuu yao tena. Rudisha."

Lakini Jamila alikuwa amekwisha kuanza kusoma, kwanza kimya, kisha midomo ikitembea, kisha kwa sauti, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili cha Goma.

"Maître, kaa. Kaa, nasema! Sikia. Zamani Babeleji hawakuwa na inchi yao. Balikuwa banatawaliwa. Mufalme wa Holandi njo alikuwa anabatawala."

"Nani?"

"Babeleji."

"Banatawaliwa?"

"Kodi banalipa, luga banalazimishwa. Banalalamika sana." Alifunua ukurasa. "Sasa, siku moja, mwezi wa nane, mwaka elfu moja mia nane na makumi tatu, bakaenda kusikiliza musiki ku théâtre, Bruxelles. Kule bakaimba wimbo wa kupenda inchi. Batu bakapandwa na damu, bakatoka nje, bakaanza kuvunja."

Bienvenu alikaa sakafuni. "Juu ya wimbo?"

"Juu ya wimbo! Mwaka uliofuata, vingt-et-un juillet, mwezi wa saba, bakapata mufalme wao wa kwanza. Akaapa. Jina lake..." Alisita, akasogeza kidole, akasoma tena kuhakikisha. "Léopold."

"Léopold tena!" Bienvenu, aliyemjua Léopold wa pili aliyeifanya Kongo shamba lake, alipiga kelele, na gereji nzima ikageuka.

Haikuwa rahisi kumweleza mtu aliyesimama mbali kwa nini walimu wawili wa Mapendo walikuwa wamelala sakafuni wakishikana mabega na kulia kwa kicheko. Sidonie alishuka ngazini akaja na firimbi yake. "Kuna nini hapa?"

"Babeleji..." alisema Jamila, akashindwa. Alianza upya. "Babeleji nao balikuwa na indépendance."

Sidonie aliwatazama kama watu waliokunywa. Kisha akainama, akasoma ukurasa ule juu ya mabega yao, na firimbi ikaanza kulia yenyewe mdomoni mwake, fii, fii, fii, kila alipovuta pumzi.

*

Kitabu cha Kongo kilionekana saa sita ikikaribia. Jamila alikigundua kwa jicho moja, kimelala juu ya tairi. Kijitabu chembamba cha michoro, kilichopigwa chapa Kinshasa zamani za Zaïre, jalada limechanika, na juu ya ukurasa wa kwanza watu wamejaa barabarani wakipunga mikono: trente juin. Aliruka. Mkono wake ulikishika upande mmoja, na wakati huohuo mkono mwingine ulikishika upande wa pili.

Mwenye mkono huo alikuwa mzee wa makamo, koti lake limejaa vumbi jekundu. "Cyprien," alijitambulisha bila kuachia. "École primaire, Kalengera."

"Jamila. Mapendo," alisema Jamila, naye bila kuachia.

"Madame, nilikiona nikiwa kule mlangoni."

"Papa Cyprien, mie nilikiota jana usiku."

Walivutana kidogo, kwa heshima, kama watu wanaokunja shuka. Bienvenu alisema kitachanika. Walimu wakaanza kukusanyika, wengine upande wa Kalengera, wengine upande wa Mapendo, mpaka mama mmoja mnene, Mama Mukabalisa, mwalimu wa zamani sana ambaye nusu ya walimu mle ndani walipitia mikononi mwake, akapenya katikati kwa viwiko.

"Mutakipasua, kisha nani atakisoma? Someni kwanza. Mupigane kisha."

Basi kwa kuwa sauti ya Jamila ilikuwa kubwa, alisoma yeye, na Cyprien akafunua kurasa. Alisoma habari za watu waliochapwa kiboko, waliokatazwa kupita mitaa ya wazungu jioni. Habari za vijana walioanza kudai uhuru na kufungwa. Habari za mkutano wa Ubelgiji ambako tarehe iliwekwa. Kisha asubuhi yenyewe, mwaka wa sitini, hotuba, bendera, watu bega kwa bega. Hata waliokuwa wamefunga kartoni zao walizikalia wakisikiliza.

"Hawakuandika ya hapa," alisema Mama Mukabalisa alipomaliza. "Hapa Goma mie nilikuwa katoto. Mama yangu alifagia uwanja mara mbili, akapika, akatuogesha. Indépendance tuliiita Dipanda, na kila mutu anasema, Dipanda anakuja, Dipanda anakuja. Mie nikajua ni mugeni. Nikakaa ku mlango tangu asubuhi, nangoja Bwana Dipanda. Ngoma zinapita, batu banacheza, mie sitoki. Mama akaniita, njoo ucheze! Nikamujibu, nikitoka, nani atamufungulia?"

Watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote, akijifuta macho kwa kanga.

"Na alifika?" Sidonie aliuliza kutoka ngazini.

"Nililala ku mlango. Mama alinibeba. Asubuhi nikauliza, akasema alipita, uko nalala, akakuachia mukate." Alinyanyua mikono. "Mukate ya sukari! Mie nikasema, huyu mugeni ni muzuri, arudi kesho."

Kicheko kilichofuata kilitikisa mabati ya gereji. Jamila alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na katikati ya kicheko hicho alimwona Cyprien amekishika kijitabu kwa mikono miwili, ameiinamia michoro yake kama mtu anayetazama chakula.

"Papa Cyprien, ulitoka Kalengera lini?"

"Leo, kungali giza. Juu ya lori ya maharagwe. Barrière zote zile za askari, wanatushusha, wanatupandisha. Kule kwetu, Madame, tuna buku mbili. Moja ni ya ng'ombe na magonjwa yake."

Jamila alikuwa na furaha nyingi mno asubuhi hiyo, na furaha ya namna ile humfanya mtu mwepesi wa kutoa. "Chukua," alisema.

"Dada Jamila!" Bienvenu alishtuka.

"Achukue. Mie nimeisoma, iko hapa." Alijigonga kifuani. "Na Bwana Dipanda iko hapa."

Cyprien alimshika mikono yote miwili, akaingiza kijitabu ndani ya shati lake, si kwenye kartoni, akafunga koti na vifungo vyote.

Sidonie akapuliza. Midi. Kartoni ya Mapendo ilikuwa na nafasi moja ya mwisho, pana na nyembamba. Jamila alikitia kile kitabu cha Ubelgiji, akakalia kifuniko, kikafunga.

Waliipakia kartoni juu ya chukudu, lile toroli la mbao la magurudumu mawili ambalo Goma nzima hubebea kila kitu, na mwenye chukudu akaisukuma mbele yao akipiga mluzi. Walivuka nusu ya mwamba. Kisha Bienvenu akasimama.

"Nielewe vizuri. Tulitumwa kutafuta indépendance ya Congo."

"Ndiyo."

"Tunarudi na ya Ubelgiji."

Jamila aliitikia kwa kichwa, akaanza kucheka tena, ikabidi ashikilie chukudu asianguke.

*

Mama Léocadie hakucheka. Alikiweka kitabu mezani, akavaa miwani, akasoma mwanzo mpaka mwisho huku walimu wake wawili wamesimama kama watoto waliovunja chungu. Alifunga kitabu. Alivua miwani.

"Juu ya wimbo?" aliuliza.

"Juu ya wimbo, Mama Directrice."

Kwanza kilemba kilitikisika, kisha mabega, kisha ile sauti ya bonde la pili ilipasuka ofisini hivi kwamba wapita njia walisimama kusikiliza. "Na hawa," alisema alipopata pumzi, "hawa njo balikuja kutuambia sisi ni batoto!"

Jumatatu Jamila aliketi juu ya meza yake, jambo ambalo alikuwa amelikataza, akawasimulia mwaka wa nne yote aliyoyasoma gerejini. Alipofika kwa Bwana Dipanda na mkate wake, watoto walipiga madawati. Nasiba peke yake alikuwa amekunja uso.

"Kwa hiyo hakuna mutu alikimbia?"

"Siku ile, hakuna. Balitoka nje bote, bakabaki nje, bakacheza."

"Hata mumoja?"

Jamila alifikiri. Hakutaka kumdanganya. "Majuma yaliyofuata kulikuwa na vurugu, batu balikufa. Wazungu wengi balikimbia. Balivuka mpaka na mifuko yao."

"Bazungu nao banakimbiaka?" Macho ya Nasiba yalikuwa yamekua makubwa. Alimgeukia Shukuru, Shukuru akawageukia wa nyuma, na habari hiyo ikasafiri darasani dawati kwa dawati kama vile hapakuwahi kutokea jambo la ajabu zaidi duniani. Mtoto mmoja aliuliza kama walibeba magodoro. Jamila akasema hajui, lakini yeye alibeba saa, na akawaeleza jinsi alivyoikumbatia, na ikachukua muda mrefu kabla darasa halijatulia.

Wazo la mchezo lilikuwa la watoto wenyewe. Mama Léocadie alikuwa ametaka shairi. Lakini mara tu walipokiona kitabu cha Ubelgiji, na mabwana wake wa kofia ndefu wakitoka théâtre kwa hasira, shairi likafa. Shukuru alitaka kuwa mfalme wa Holandi kwa sababu alikuwa na fimbo. Nasiba alitaka kuwa mwimbaji anayewasha moto wote, ingawa hakuwa na sauti. Bienvenu alisema mchezo mzima una kasoro, kisha akakesha akikata kofia ndefu za karatasi za mifuko ya saruji.

*

Trente juin ilikuwa Jumapili, na Jumapili hiyo haikuwa ya kawaida, maana mchana ulikuwa na fainali ya Kombe la Dunia. Wanaume wote wa mtaa wa Mapendo walikuwa wamejibana katika nyumba za video, jenereta zikinguruma. Mama Léocadie, mwanamke mwenye akili, aliweka sherehe baada ya mpira. Brazili ilipomfunga Mjerumani mawili kwa sifuri, mtaa ulimwagika nje ukipiga masufuria, na watu, wakiwa hawajui waipeleke wapi furaha yao, waliipeleka shuleni. Walikaa juu ya mwamba mweusi ulioganda mikunjomikunjo, wakiupanda kama ngazi za uwanja. Baba yake Jamila alikuwepo, na wajomba. Wengine walivaa jezi za manjano, wengine suti za kanisani.

Nasiba alisimama juu ya sanduku la bia akaimba. Alikuwa amechagua wimbo wa kubembeleza mtoto, kwa kuwa ndio aliokuwa anaujua wote, na aliuimba kwa ukali wa kutisha. Wabelgiji wa kofia za saruji wakapandwa na damu. Wakamshukia mfalme wa Holandi, "Toka! Toka ku inchi yetu!", na Shukuru akawajibu kwa fimbo na matusi ambayo hayakuwa kitabuni. Umati ulishangilia kila pigo.

Ndipo Jamila alipoona wanaoketi nyuma wananyamaza mmoja mmoja.

Askari wa waasi walikuwa wamesimama pembeni ya kibanda, watatu, bunduki mgongoni. Mkubwa wao alipiga hatua mbele. Nasiba alibaki mdomo wazi juu ya sanduku.

"Hapa kuna uasi gani?" aliuliza yule mkubwa. "Nani alitoa ruhusa?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria jambo hilo, hata Bienvenu na kasoro zake zote: katika mji wa waasi, walikuwa wamewafundisha watoto kuasi. Mama Léocadie alikuwa mbali, amekwama kati ya wazazi. Jamila alijisikia akitembea mbele, akajisikia akisema, kwa sauti nyembamba kuliko yake.

"Ni mchezo wa batoto, chef. Si sisi. Ni Babeleji."

"Babeleji banafanya nini?"

"Banaasi."

"Banamuasi nani?"

"Holandi, chef. Ni historia. Zamani sana."

Askari alimtazama. Alimtazama Shukuru, ambaye taji lake la bati lilikuwa limeshuka hadi puani. Alitazama kofia za saruji. Alifikiri kwa muda ambao Jamila aliuona mrefu kama mfungo wa Ramadhani.

"Holandi," alisema askari, "hata hawakuingia Coupe du Monde hii."

Mtu mmoja nyuma alikohoa.

"Na Babeleji," akaendelea, kidole kikiinuka taratibu, "Brésil iliwapiga deux-zéro. Nilitazama na macho yangu." Uso wake ulifunguka wote kwa mara moja, alikuwa kijana tu, na chini ya shati la kijeshi ilichungulia kola ya jezi ya manjano. "Kumbe historia yao ni kupiga kelele, halafu banapigwa!"

Mwamba mzima uliangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi, kikapanda, kikavunjika, kikapanda tena. Baba yake Jamila alikuwa anampiga mgongo jirani asiyemjua, na Bienvenu alikuwa ameketi chini na kofia yake ya karatasi imekunjika. Jamila alicheka huku machozi yakimtiririka, akiwa hajui ni ya hofu au ya nini, wala hakujali.

Askari alitafuta jiwe lililo sawa, akaweka bunduki kati ya magoti, akawaonyesha wenzake wakae.

"Endeleeni," alisema, kisha akabadili mawazo. "Hapana. Rudini ku mwanzo. Sikuona mwanzo."

Shukuru alisawazisha taji. Wabelgiji walikimbia kurudi théâtre wakigongana. Jamila alimpa Nasiba ishara kwa mkono, na mtoto akavuta pumzi kubwa, akajinyoosha juu ya sanduku la bia, na akaimba kwa nguvu zaidi kuliko mara ya kwanza.